ALIJUA KULENGA, KUCHOMOA HAKUJUA! Kisa cha Jamaa wa Mishale na Mrembo wa Bukoba

Kuna jamaa mmoja, fundi simu pale Bukoba mjini, miaka 24, kwao Muleba. Jina lake likae pembeni. Kama wewe ni mtu wa mitandao na una ndugu Kagera, huenda klipu zake umeshakutana nazo: upinde wa kujichongea mwenyewe, kofia nyuma mbele, mshale unaruka, unakita katikati ya mgomba, jamaa anageuka anatabasamu. Sekunde kumi na tano, kwisha habari.

Jumapili akipata nafasi alikuwa anapanda gari, anapita Kemondo, anapita Muhutwe, mpaka Muleba kwa babu yake. Kisa ni kibanja. Waliokulia huko wanajua, mgomba ukishakatwa mkungu hauzai tena, unasubiri panga tu. Halafu lile shina si mti kabisa. Ni maganda yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Mshale wa tete wenye msumari mbele unazama kama kisu kwenye ndizi mbivu. Shabaha ya bure, tena zipo nyingi.

Kuingia rahisi, kutoka ndiyo shughuli. Yale maganda mabichi yanaubana mshale pande zote. Ukivuta kwa mkia, tete linavunjika na msumari unabaki ndani. Ukivuta kwa hasira, unang'ang'ania weee, halafu unachomoka ghafla bila hodi. Na utomvu wa mgomba ukidondokea shati, hilo shati ndiyo basi tena, doa halitoki.

Kwenye klipu zake hukuwahi kumuona hata siku moja akichomoa. Hiyo sehemu alikuwa anaikata. Nani aangalie mtu anahangaika na mgomba?

Sasa jamaa alikuwa na mpenzi wake, dada mmoja wa Rwamishenye, mpole, anasuka nywele. Yeye ndiye alikuwa anashika simu. Jumapili moja mishale mitatu ikakaa pamoja, karibu kugusana. Jamaa akachanganyikiwa kwa furaha. "Njoo karibu, chukua hii wakati natoa!" Dada akasogea, akasimama nyuma ya bega lake, macho kwenye kioo.

Miwili ikatoka. Wa tatu ukagoma. Jamaa akaweka mguu kwenye mgomba, akashika kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zote. Mshale ukachomoka, mkono ukarudi nyuma, mkia wa mshale ukampiga dada juu ya jicho, kwenye nyusi. Ingeshuka kidogo tu, leo tungekuwa na habari nyingine.

Damu, kelele, bodaboda mpaka kituo cha afya. Nyuzi tatu. Jicho likasalimika.

Hapo ndipo stori ingeisha. Lakini jamaa usiku akafungua simu, akakuta klipu nzima imerekodiwa: mvuto, kishindo, simu inaanguka, dada anapiga yowe. Akaiangalia, akacheka. Akatupia mtandaoni na vikatuni vya kucheka machozi. Hakumuuliza mwenye jicho.

Asubuhi klipu ilikuwa imepita zote alizowahi kuweka. Kurasa za vichekesho zikaibeba. Watu wakamwekea dada sauti za kuchekesha, wakampa jina la utani. Wateja wake wa kusuka wakawa wanamuuliza huku wameshika mdomo. Mama yake akaiona kwenye simu ya jirani.

Dada alimtumia jamaa ujumbe mmoja tu: "Kidonda kitapona. Hiyo video utaitoaje kwa watu?"

Jamaa akaifuta siku hiyohiyo. Akadhani imeisha. Wapi! Yake imefutika, za wenzake zipo.

Akarudi Muleba kichwa chini. Babu yake, mzee wa makamo ya 80, hana simu janja, lakini habari ilishamfikia. Hakumfokea. Alimuuliza tu, "Kulenga ulijifunza mwenyewe. Kuchomoa ulifundishwa na nani?"

"Hakuna, babu."

Mzee akamshika mkono wakaingia kibanjani. Akamwambia kwanza geuka, tazama nyuma yako yuko nani. Mtu asikae usawa wa mkia wa mshale. Halafu kiganja kimoja bandika kwenye mgomba, mshale upite katikati ya vidole. Mkono wa pili ushike ujiti chini kabisa, karibu na ganda, si huku kwenye manyoya. Vuta polepole, njia ileile ulioingilia, zungusha kidogo, usipindishe. Ukikataa usipigane nao, chukua panga uchane ganda pembeni. Ukishatoka, futa utomvu kabla haujakauka.

Jamaa akaja kugundua hata wakubwa wa mchezo huu wana utaratibu wao. Olimpiki wanalenga kutoka mita 70, shabaha ina upana wa sentimita 122, na hakuna anayeruhusiwa kugusa mshale kabla pointi hazijaandikwa. Mishale yao ni ya kaboni, ikiingia kwenye shabaha za povu zito inapata joto na kugandana nalo, wengine wanapaka sabuni ili itoke vizuri. Na wao pia wanahakikisha hakuna mtu nyuma. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanafua misumari kuwa ncha za mishale, na zipo zinazochongwa miiba makusudi ili zikiingia kwa mnyama zisirudi nyuma. Kuna mshale umetengenezwa usitoke.

Ile klipu ilikuwa ya namna hiyo.

Jamaa akaanza kuandikia kurasa moja baada ya nyingine. "Kaka samahani, yule dada hakuridhia, naomba utoe." Kuna waliotoa siku hiyohiyo. Kuna waliomjibu kwa kicheko. Kuna waliomblok. Kwenye magrupu ya WhatsApp hakuna wa kumwomba. Wiki mbili alizimalizia humo, hakuweka klipu hata moja mpya.

Ndipo akaenda Rwamishenye, na mkungu wa ndizi begani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Mama hakumkaribisha ndani, alimwonyesha kiti cha uani. Dada akatoka, kovu bado jekundu. Jamaa akasema alikosa mara mbili, na ya pili ndiyo mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ajali.

Dada alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Angalau umekuja mwenyewe." Hakusema amesamehe. Hawajarudiana mpaka leo, ila wakikutana mjini wanasalimiana vizuri.

Jamaa bado analenga. Siku hizi klipu zake ni ndefu kidogo, maana anaonyesha mpaka mwisho: anageuka, anatazama nyuma, anabandika kiganja, anavuta polepole. Watazamaji wamepungua. Anasema fresh tu.

Haya wadau, wewe ungekuwa yule dada ungemrudia? Na wewe uliye na klipu ya mtu kwenye simu yako, ulimuuliza kabla ya kuirusha? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.