Tuitunze Betri ya Simu

Nyumbani mwetu yumo mzee mgonjwa, na umeme hukatika usiku; basi simu kwetu si pambo, bali ni mjumbe wa kumwitia tabibu. Kwa sababu hiyo twaitunza betri yake. Betri hizi za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, huchakaa upesi kwa joto: hatuiachi simu juani, wala hatuichaji chini ya mto. Hatungoji izimike kabisa, wala hatuijazi pomoni kila siku. Twaiweka baina ya asilimia 20 na 80. Na ili chaji ifike asubuhi, twapunguza mwangaza wa kioo, ulao umeme mwingi. Enyi vijana, msiimalize kwa michezo chaji ambayo huenda usiku ikaokoa roho.