Kangaja Aliyetufundisha Kumpokea Mgeni

Akina mama wenzetu, huenda mtacheka mkisikia kwamba sisi wakazi wa Uroa, tunaosikia mawimbi tukiwa kitandani, tunafuga samaki wa bahari ndani ya nyumba. Majirani zetu nao walicheka. "Bahari ile pale, nyinyi mnamfungia samaki kwenye kioo?" aliuliza bibi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye mwani wake. Hatukuwa na jibu, kwa maana hata sisi hatukulitaka tangi lile.

Lilikuja mwaka 2020. Hoteli nyingi za pwani zilifungwa kwa sababu ya korona, na baba watoto akarudi nyumbani bila mshahara wake wa mwisho. Badala ya fedha, mwajiri alimpa tangi la kioo lililokuwa likipamba ukumbi wa wageni. Tunakiri kwamba siku ile tulimwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume aliyepoteza kazi. Je, kioo kinapikwa?

Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumempokea mtoto wa marehemu dada yetu, mvulana wa miaka tisa. Tulimpokea kwa moyo, lakini kwa haraka. Tulimpa nusu ya kitanda cha kijana wetu tukidhani upendo utamaliza mengine. Haukumaliza. Watoto wale walipigania shuka, wakapigania sahani, wakapigania hata nafasi ya kukaa mlangoni. Sisi tuliokuwa tukiwafundisha wenzetu kanisani juu ya kuwatunza yatima, nyumbani kwetu tulikuwa tukiamua ugomvi kila jioni.

Mzuri wa sura, mkali wa tabia

Baba watoto aliwahi kusaidia kulitunza tangi lile hotelini, hivyo alijua ya msingi. Lilibeba lita 450, yaani karibu nusu tani ya maji, na ilibidi tujenge baraza la matofali ili lisivunje meza. Tulichota maji kwa madumu, maji yalipojaa, mahali palipo safi. Tukaweka mchanga na mawe, tukawasha pampu, kisha tukangoja wiki sita bila samaki wengi. Sababu ni kwamba kinyesi cha samaki hutoa sumu iitwayo amonia, na bakteria wanaoivunja sumu hiyo huhitaji wiki kadhaa kuzaliana. Maji yakipungua kwa joto, huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipandi hewani pamoja na mvuke.

Wiki hizo zilipokwisha, mzee mmoja mvuvi alituletea kangaja aliyemkuta mzima katika dema lake. Kangaja wako wa aina nyingi, na wengi wetu tunawajua jikoni tu. Huyu alikuwa wa buluu kama anga la asubuhi, uso mweusi, kifua cheupe, na pezi la njano mgongoni. Wataalamu humwita Acanthurus leucosternon. Kando ya shina la mkia wake, kila upande, kuna mwiba mkali kama kijembe cha hospitali. Ndiyo maana Wazungu huwaita kangaja samaki wapasuaji. Baba watoto alipomshika vibaya, tulimfunga kidole bandeji siku ile ile.

Watoto wote wawili walimpenda. Kwa mara ya kwanza tuliwaona wamekaa ubavu kwa ubavu bila kusukumana, wakimtazama anavyochuna mwani mdogo juu ya mawe. Kangaja hula kutwa nzima, kidogo kidogo, naye asipopata majani ya kutosha hukonda haraka.

Kosa letu

Baada ya miezi miwili tulifanya kosa. Tulisema, "Maskini, yuko peke yake," tukamwomba mzee mvuvi atuletee wa pili. Alipofika tulimmimina moja kwa moja ndani ya tangi.

Yule wa kwanza hakumwona mwenzake, alimwona mvamizi. Katika mwamba wa bahari, anayefukuzwa hukimbia mita 20 na ugomvi ukaisha. Katika tangi hakuna pa kukimbilia. Wa kwanza alimgeuzia mkia na kumchana ubavuni, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi yule mgeni akajibanza kwenye kona nyuma ya pampu.

Siku ya tatu tuliona vidoadoa vyeupe mwilini mwake, mfano wa chembe za chumvi. Siku ya sita vilitoweka. Tulishukuru, tukadhani amepona. Kumbe ndivyo ugonjwa huo unavyodanganya. Kijidudu chake humwacha samaki baada ya siku chache, hushika kwenye mchanga na mawe, hujigawa mara mamia, kisha watoto wake hutoka kutafuta samaki tena. Viliporudi, vilirudi kwa wote wawili, hata kwenye matamvua wanayopumulia. Kangaja wa aina hii hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko samaki wengi, hasa akiwa na hofu. Iko dawa yenye shaba, lakini ikiwa kidogo haiponyi na ikizidi huua, tena huua kamba na matumbawe, hivyo hutumiwa kwenye chombo cha pembeni na kwa kipimo kamili. Sisi hatukuwa na chombo cha pembeni wala kipimo. Katika siku kumi wote wawili walikufa.

Tuliona aibu. Sisi wauguzi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mgonjwa mgeni asiyejulikana ana nini hatiwi katika wadi ya watu wengi. Nyumbani tulisahau.

Lakini si hilo lililotukosesha usingizi. Tulipokuwa tukimtoa yule wa pili, mtoto wa dada yetu alisimama pembeni akauliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, huyu kosa lake lilikuwa kuja nyuma?"

Hatukuweza kumjibu. Usiku ule mimi na baba watoto tulikaa barazani muda mrefu, na maneno mabaya ya siku ya tangi tukaombana radhi kwayo.

Tulivyoanza upya

Tangi tuliliacha bila samaki yeyote kwa siku 76, ili vijidudu vife kwa kukosa mwili wa kuishi. Katika siku hizo tulishughulikia nyumba. Fundi alitengeneza kitanda cha pili. Chumba cha watoto tulikipanga upya chote, hata kitanda cha kijana wetu tukakihamisha, ili pasiwe na upande wa mwenyeji na upande wa mgeni. Kila mmoja akawa na msumari wake wa kutundika sare, na kazi yake. Kijana wetu alinuna wiki nzima. Tulimwacha anune, hatukumkemea, kwa maana naye alikuwa amepoteza kitu.

Kisha tukarudi kwenye samaki. Safari hii tuliwatanguliza wapole na wadogo, na kangaja akawa wa mwisho, mmoja tu. Kabla ya hapo alikaa wiki nne peke yake katika chombo cha plastiki chenye vipande vya bomba vya kujifichia, tukimtazama kila siku. Siku ya kumwingiza tulihamisha mawe yote, ili asiwepo wa kusema, "Hapa ni kwangu." Tulimhamisha kwa bakuli, kwa kuwa miba yake hunasa kwenye wavu ikamuumiza. Pia tulinunua pampu ndogo ya hewa ya betri. Aliyekuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu gizani, hahitaji kuelezwa sababu.

Kangaja huyo ameishi nasi zaidi ya miaka minne. Bado huwafukuza wenzake wakati wa kula. Hatutazamii awe njiwa. Mtunzaji wake ni mtoto wa dada yetu, naye bado ni mwepesi wa hasira, lakini siku hizi akikasirika hutoka nje, akarudi mwenyewe.

Hatuwashauri kila nyumba ifuge kangaja. Asiye na tangi kubwa, umeme wa akiba na subira, amwache baharini, kisha maji ya bamvua yakitoka awapeleke watoto mwambani wamtazame huko. Lakini mama mwenzetu, ukimpokea mtoto wa ndugu yako, usimmimine tu ndani ya nyumba ukasema watazoeana. Kabla hajafika, hamisha mawe.