Jinsi Tulivyoifuata Dhoruba

Watu wengi wakiona wingu jeusi hukimbilia nyumbani. Mimi na wenzangu wawili, tulipokuwa vijana chuoni, twalifanya kinyume chake: tukiona wingu jeusi twalipanda baisikeli tukalifuata. Napenda kuwasimulia walimu wenzangu habari hiyo, maana nalipata faida ndani yake, na tena nalitenda kosa ambalo sijalisahau hata leo.

Chuo chetu kilikuwa karibu na Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na kipimamvua, kipimajoto na kipimahewa, akatuchagua sisi watatu tuvitunze na kuandika hesabu zake kila asubuhi. Mmoja wetu alikuwa mwana wa mvuvi wa pwani ile ile. Wa pili alikuwa kijana mrefu kutoka Kigoma, mwenye hadhari nyingi. Wa tatu ndimi, niliyeshika saa na daftari. Nami kwa kuipenda mno kazi ile nalijiona mtaalamu tayari.

Katika vitabu twalisoma ya kuwa mvua ya ngurumo hutokea hasa alasiri, jua likiisha kuipasha nchi moto. Kwa hiyo masika yalipoanza, kila Jumamosi saa nane mchana twalitoka kupanda vilima vya migomba kuitafuta dhoruba. Mara ya kwanza twalifuata wingu moja kwa muda wa saa mbili. Tulipolikaribia likawa limekwisha yeyuka. Mara ya pili mpira wa baisikeli ulipasuka, tukarudi usiku kwa miguu, tumejaa matope, wala hatukuona hata umeme mmoja. Wenzetu wakatucheka, wakatuita wachunga mawingu.

Siku moja tukamweleza baba wa yule mwana wa mvuvi taabu yetu. Mzee akatuuliza, "Wanangu, hicho kipimo chenu hujaa saa ngapi?" Tukamjibu kwamba mara nyingi twakikuta na maji asubuhi. Akatabasamu, akasema, "Basi mbona mwaitafuta mvua alasiri? Mvua ya hapa hulala ziwani, huja pwani kukipambazuka." Tukaona haya, maana jibu lilikuwamo ndani ya daftari letu siku zote, nasi hatukulisoma.

Sababu yake ni hii. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hudumu na uvuguvugu wake. Ndipo pepo za nchi kavu hutoka pande zote kwenda ziwani. Zikikutana huko, hewa hupanda juu kwa nguvu, mawingu yakajengeka, na ngurumo huanza usiku wa manane. Tena, kwa kuwa upepo mkuu wa juu huvuma kutoka mashariki, dhoruba husukumwa kuja Bukoba alfajiri. Watu wa Kisumu na Kericho, walio upande wa pili, hupata mvua yao hasa alasiri. Ziwa ni moja, lakini saa za mvua ni mbali mbali.

Basi Ijumaa iliyofuata twaliomba ruhusa, tukalala kwa mzee. Kabla ya kulala alituonya: "Tazameni mkiwa mlangoni. Mkisikia ngurumo, ingieni ndani." Saa kumi ya usiku tukaamka. Ziwa lote lilikuwa giza, na mbali sana mawingu yaliwaka kwa ndani kama taa nyuma ya pazia, wala hapakuwa na sauti. Uzuri ule siwezi kuueleza. Mimi nikasema kwamba mlangoni hatuoni vema, nikawaongoza hadi ukingo wa maji, penye mti mmoja mrefu.

Tukaanza kuhesabu. Nuru hufika machoni mara moja, bali sauti huenda mita 340 hivi kila sekunde. Kwa hiyo sekunde 3 ni kama kilomita 1. Umeme wa kwanza tuliousikia ulikuwa sekunde 42, yaani kilomita 14. Nikaandika. Kisha 33, kisha 24. Yule wa Kigoma akasema, "Ndugu yangu, yatosha, twende." Nikamjibu, "Bado namba moja." Tukapata 15. Akasema tena, nami nikamjibu neno lile lile. Tukapata 9. Yeye akaondoka. Mwana wa mvuvi akanishika mkono ili anivute, nami nikajinasua niandike.

Namba iliyofuata sikuiandika. Niliona weupe tu, nikajikuta nimeanguka mchangani. Mti ulikuwa umepasuka gome toka juu hata chini, na mwenzangu amelala kimya, damu ikimtoka sikioni. Mzee na yule wa Kigoma wakaja mbio, wakambeba. Baada ya muda akafumbua macho. Akapona, nashukuru, walakini sikio lake la kushoto halikusikia tena vizuri.

Kwa muda mrefu nalidhani kwamba tulipatwa kwa sababu ya uchanga wetu. Baadaye nalisoma habari za Tim Samaras wa Marekani, fundi hodari wa kufuata chamchela kubwa za nchi ile. Mwaka 2003, katika South Dakota, alitega chombo chake njiani mwa chamchela, kikapima jinsi kani ya hewa ilivyoshuka kwa milibari 100. Walakini tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno katika Oklahoma, chamchela yenye upana wa kilomita 4 hivi iligeuza njia, ikamwua yeye, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Ikiwa huyo aliyejua mengi hakusalimika, mimi niliyejua kidogo nalikuwa nikijivunia nini? Nami nalikuwa na kosa lililozidi: hesabu zilikuwa mkononi mwangu, zikiniambia niondoke, nami nalizisoma kama mchezo.

Walimu wenzangu, mwezi wa Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 katika shule moja ya Kiryandongo, Uganda. Basi tuwafundishe watoto kuhesabu. Ikiwa kati ya umeme na ngurumo hazifiki sekunde 30, waingie katika nyumba imara au motokaa iliyofungwa, wala wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasisimame chini ya mti, wala kilimani, wala majini. Na nyumba ya shule ifungwe chuma cha kukinga radi, chenye waya ushukao hata ardhini.

Mwenzangu sasa ni mvuvi kama baba yake. Nikienda kumtazama hukaa upande wake wa kulia, apate kunisikia. Hajanilaumu hata siku moja. Daftari lile ninalo bado, nami huwaonyesha wanafunzi wangu ule ukurasa: 42, 33, 24, 15, 9. Huwauliza, "Ninyi mngaliondoka kwenye namba ipi?" Nao wote hujibu ya kwanza.