Ritifaa, Jina na Amana ya Hifadhidata

Miongoni mwa alama za uakifishaji, ritifaa ni ndogo mno na aghalabu hudharauliwa. Mwanafunzi huiona katika neno ng'ombe, akaiandika na kupita. Hata hivyo, kwa mjuzi wa fonolojia, kialama hicho hubeba uzito mkubwa: ndicho kinachomzuia msomaji kulisoma neno ng'oa, yaani kutoa kitu kilichokita mahali, kama ngoa, ambalo maana yake ni wivu. Alama hiyo hiyo huupima uangalifu wa mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili ni nadra kumfikiria, naye ni mtengenezaji wa hifadhidata.

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alipendekeza kwamba taarifa katika kompyuta zipangwe kwa majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyo hiyo wakachapisha lugha ya kuyahoji majedwali hayo, ambayo leo hujulikana kama SQL. Kama lugha yoyote, SQL ina sarufi yake. Na katika sarufi hiyo, jina linalotafutwa hufungwa pande zote mbili kwa alama yenye umbo lile lile la ritifaa.

Hapo ndipo penye mtego. Mtengenezaji asiye makini hulichukua jina lililoandikwa na mtumiaji akaliunganisha moja kwa moja na amri yake. Jina likiwa Wanjiru au Barasa, mambo huenda shwari. Likiwa Ng'eno, kompyuta hudhani kwamba jina limekomea kwenye Ng, na herufi zilizobaki ni sehemu ya amri isiyoeleweka. Amri hukataliwa. Kuna wanaotafuta njia ya mkato kwa kuifuta ritifaa, Ng'eno akawa Ngeno. Tatizo la kompyuta limekwisha, lakini la mwenye jina ndio kwanza limeanza. Kitambulisho chake kinasema hivi, cheti cha mtihani vile, na faili yake hospitalini hutafutwa isionekane ilhali imo. Mgonjwa huyo huandikishwa upya kama mgeni, na kumbukumbu ya dawa zinazomdhuru ikabaki chini ya jina jingine.

Mwanafunzi wa lugha hulielewa kosa hili upesi. Katika usemi halisi, alama za usemi hutenga maneno ya mhusika na ya msimulizi. Zikikosewa, msomaji hajui tena anayesema ni nani. Ndivyo ilivyo hapa: maneno ya mtumiaji yamechukuliwa kuwa maneno ya mtengenezaji. Mdukuzi naye hupenya katika mwanya huo huo, akaandika amri mahali palipotarajiwa jina, na mashine ikamtii kwa kufichua siri za watu au kuzifuta. Hila hii ilielezwa hadharani mwaka 1998, na tiba yake inajulikana: amri itumwe ikiwa na nafasi wazi, kisha jina litumwe kando, kama thamani ya kujaza nafasi hiyo na si zaidi. Uangalifu ule ule unaolinda jina la Ng'eno ndio unaomfungia mwizi mlango.

Fauka ya hayo, kuna ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo programu za uchapishaji huiweka zenyewe. Jicho huziona kuwa kitu kimoja, lakini katika mfumo wa Unicode kila moja ina nambari yake. Ng'ang'a mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa watu wawili. Mtengenezaji mwema huchagua umbo moja, akayageuza majina yote kulifuata kabla ya kuyahifadhi na kabla ya kuyatafuta.

Jina likishahifadhiwa ipasavyo, hubaki mikononi mwa msimamizi. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika kazi hii, akiba huoza, tena kimyakimya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikusudia kufuta data katika seva ya ziada, akafuta katika seva kuu. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka. Akiba ilipotafutwa, ikabainika kwamba nakala za kila siku hazikuwa zikifanyika kwa sababu ya toleo lisilofaa la programu, na barua pepe za kutoa onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichookoa jahazi ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya mkasa, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo, miradi ipatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700 ziliathirika. La kusifiwa ni kwamba kampuni ilieleza kila kitu hadharani, ili wengine wajifunze.

Mikasa hii miwili, wa ritifaa na wa akiba, ina mzizi mmoja, nao ni kudhani. Mmoja alidhani majina yote yameumbwa kwa herufi tupu. Mwingine alidhani kwamba nakala ikiagizwa basi ipo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa potofu kumhusu zisahihishwe. Lakini haki hiyo huja baada ya kosa, na mwenye jina lililopotea huenda asijue kwamba limepotea.

Kwa hivyo, kabla ya sajili yoyote kuanza kutumika, na ijaribiwe kwa Ng'ang'a, Ng'eno, Nyang'au na Ong'era. Na nakala ya akiba irejeshwe katika seva ya majaribio, majina hayo yasomwe tena, herufi kwa herufi. Kazi ya kwanza inamhitaji mtu anayejua jinsi majina ya nchi hii yanavyoandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili asingoje kualikwa.