Mwalimu wa Tennessee Afika Bagamoyo

Basi dogo lilikuwa liondoke Dar es Salaam saa moja asubuhi, siku moja ya Julai mwaka 2018. Walimu kumi na watatu kutoka Marekani walikuwa wamekwisha kuketi. Wa kumi na nne hakuonekana. Alipofuatwa chumbani alikutwa bado amelala, kwani katika masomo yake ya Kiswahili alikuwa amejifunza kwamba “moja” ni namba ya kwanza, naye akaamini kuwa safari ni baada ya chakula cha mchana.

Mwenyeji wao, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakukasirika. Tulipokwisha kupita Tegeta alisimama mbele, akashika nguzo ya basi na kuwaeleza wageni wake kwamba hapa kwetu, karibu na Ikweta, jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na kwa hiyo saa ya kwanza ya mchana ndiyo saa moja. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi twaanza alfajiri. “Hakuna saa iliyokosea,” alisema. “Kila moja imeanza kuhesabu mahali pake. Mkiwafundisha watoto wenu hilo tu, safari yenu imelipa.”

Nilikuwa nimeomba nafasi katika basi lile ili nijionee jinsi mwalimu anavyofundishwa kufundisha juu ya watu wasio wake.

CHANZO CHAKE NI HOFU

Ndugu msomaji huenda akadhani kuwa mipango ya namna hii ilizaliwa na upendo. La hasha. Mwezi Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik angani, na Marekani ikashtuka. Mwaka uliofuata, 1958, ilipitishwa sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, ambayo pamoja na mambo mengine ilitoa fedha kwa vyuo vikuu vifundishe lugha na habari za sehemu mbalimbali za dunia. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizonufaika. Mwaka 1961 ikafuata sheria iitwayo Fulbright-Hays, kwa majina ya wabunge walioidhamini, ambayo iliwezesha walimu kusafiri kwa makundi, aghalabu kwa wiki nne hadi sita, wakajifunze katika nchi za wenyewe. Baadaye vituo vya vyuo vikuu navyo vikatakiwa kuwasaidia walimu wa shule za kawaida: kuwapa ramani, vitabu na semina za likizo.

Kazi hiyo si ndogo. Mmoja wa wageni wetu alikiri kuwa kabla ya semina alikuwa akiifundisha Afrika kwa siku mbili, ilhali Ulaya aliifundisha kwa miezi. Semina ilianza na ramani. Afrika ina zaidi ya kilometa za mraba milioni 30. Ukiichukua Marekani nzima, ukaongeza China na India, zote zaingia ndani yake na nafasi yabaki. “Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na moja,” alisema, “wala sikuwa nimepata kuziweka nchi hizo pamoja.”

KAOLE

Tulianzia Kaole, yapata kilometa tano kusini ya mji wa Bagamoyo, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Mwenyeji wetu hakutoa hotuba. Aliwaonyesha vishimo vya mviringo katika nguzo za makaburi, akawauliza vilikuwa vya nini. Mmoja alisema ni vya taa, mwingine alisema ni alama za risasi. Ndipo akawaambia kwamba humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China.

Walimu walinyamaza. Wengi wao walikuja wakiamini kwamba habari za pwani hii zaanza na wasafiri wa Kizungu. Bakuli lile liliwaambia kwamba watu wa hapa walifanya biashara na nchi za mbali karne nyingi kabla ya hapo, na kwamba walipomzika mtu wa heshima waliipamba nguzo ya kaburi lake kwa kitu cha thamani kilichovuka bahari.

Kisha tulikwenda kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako watu waliokombolewa kutoka utumwani walipewa makazi, na ambako mwili wa Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874 baada ya kubebwa na Waafrika kutoka bara. Mwenyeji aliwataka wageni wasome kwanza habari za wale waliobeba, ndipo wasome za aliyebebwa.

Katika uchochoro wa mji mkongwe mgeni mmoja aliinua kamera kumpiga picha mtoto aliyekuwa pekupeku mbele ya ukuta uliobomoka. Mwenyeji alimshika bega taratibu. “Mwalimu, mwombe mama yake kwanza. Na ukishampiga huyu, geuka nyuma yako.” Nyuma yake palikuwa na duka la dawa, fundi cherehani na wasichana watatu waliovaa sare za shule. Mgeni aliirudisha kamera mfukoni. Alipomwona mama wa mtoto alimwamkia kwa Kiswahili chake cha kubabaika, nao wakazungumza kwa muda mrefu. Picha hakuipiga.

SWALI LA DARASANI

Lakini jambo nililolikumbuka kuliko yote lilitukia mchana, katika shule moja ya sekondari. Wanafunzi waliamkia, wageni wakajitambulisha mmoja mmoja. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alisema anatoka Tennessee, akaongeza kwa upole kwamba huenda hawajapata kupasikia.

Darasa zima likacheka. Binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama: “Mwalimu, tunapajua. Bonde la Mto Tennessee, mradi ulianza mwaka 1933. Faida zake ni umeme, kuzuia mafuriko, kuzuia mmomonyoko wa udongo na usafiri wa majini.”

Mama yule alipigwa na butwaa. Wanafunzi wake yeye, alituambia baadaye, wengi hawawezi kuionyesha Tanzania katika ramani, ilhali huku binti wa Bagamoyo anazitaja faida za mabwawa ya nyumbani kwake kama atajaye siku za wiki. Alimpongeza, kisha akamwuliza: “Na watu waliokuwa wakikaa hapo wakaenda wapi?”

Binti alifikiri. Katika daftari lake halikuwamo jibu.

Mama akaeleza. Bwawa la kwanza la mradi ule, la Norris, lilijengwa kati ya 1933 na 1936. Maelfu ya watu walihamishwa maji yalipopanda, na makaburi nayo yakafukuliwa yakahamishwa. Babu yake alikuwa mmoja wa wakulima walioacha mashamba. Umeme ulipofika alifurahi, akautumia mpaka kufa kwake, lakini hadi uzeeni alikuwa akilitazama ziwa na kuonyesha kwa fimbo mahali palipokuwa na nyumba ya mama yake.

Hapo wanafunzi walianza kuuliza. Walilipwa nini? Walikataa? Waliohama walikwenda wapi? Kengele ililia, wala hakuna aliyeinuka. Mwalimu wao wa jiografia, kijana mpole, aliniambia pembeni kwamba amelifundisha somo lile mara nyingi na hajapata kuulizwa swali hata moja.

LA KUJIFUNZA

Kwa hiyo lawama haiwi ya upande mmoja. Wao walitufundisha watoto wao bila ya ukubwa wetu na bila ya zamani yetu. Sisi twawafundisha watoto wetu Ruhr kwa makaa ya mawe, Kanada kwa ngano na Tennessee kwa umeme, kana kwamba nchi hizo hazina wakazi. Kujua faida nne za bwawa ni kufaulu mtihani. Kumjua aliyehamishwa ni kuijua nchi.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta mashindano ya mwaka huo ya kuomba fedha za safari za Fulbright-Hays. Nilipopata habari hiyo nilimkumbuka yule mama na yule binti. Somo walilopeana halikudumu nusu saa, lakini lilihitaji mmoja wao avuke bahari.

Wazazi hatuwezi kumpeleka kila mwalimu ng’ambo. Tunaweza, hata hivyo, jioni mtoto anapofungua daftari la jiografia, kumwuliza swali lile lile la mama wa Tennessee: je, mahali hapo wanakaa akina nani? Asipojua, na aende nalo shuleni kesho yake, amwulize mwalimu wake.