Enchogu Relini

Sisi Wagusii wa Bobasi, mnyama wa ukoo wetu ni ndovu, enchogu. Ajabu ni kwamba nilikulia Nyamache bila kumwona hata mmoja. Vilima vyetu vilikuwa vimejaa migomba na chai kabla sijazaliwa, na ndovu walikuwa ng'ambo, Transmara, wakivamia mahindi ya watu. Reli nayo hatukuwa nayo. Ya karibu ilikuwa ile ya Kisumu, iliyofika huko 1901.

Vyote viwili nilikutana navyo usiku mmoja. Mwaka 1994 baba alinipeleka kwa baba mdogo, aliyekuwa kibarua bandarini Mombasa. Tulipanda basi hadi Nairobi, kisha treni ya saa moja jioni. Nilikuwa kitanda cha juu treni iliposimama mahali pasipo stesheni, kati ya Mtito Andei na Voi. Honi ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mhudumu akapita na tochi: "Tulieni, wazee. Wenye njia wanavuka."

Tulichungulia dirishani. Niliona vivuli tu, vikubwa kama ghala, vikienda bila haraka. Baba, mtu wa maneno mengi, alinong'ona "enchogu" na hakusema tena mpaka treni ikaondoka. Baba mdogo hakutuamini.

Si kila mara iliishia hivyo. Treni ya mizigo haifungi breki kama matatu. Huserereka mbali kabla ya kutulia, na penye kona taa humwonyesha dereva ndovu akiwa amekwisha kumfikia.

Mei 2017 reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa ikazinduliwa. Mwaka uliofuata niliipanda na mwanangu. Treni ya kilomita 120 kwa saa haina nafasi ya kumngoja ndovu, kwa hiyo reli iliinuliwa juu ya tuta, ikawekwa uzio, na njia zikaachwa chini yake. Mwaka 2016 ndovu 10 wa Tsavo walivishwa kola za setilaiti ili wafuatiliwe wanavyovuka. Njia zile walizizoea, hasa usiku. Hata hivyo, reli hii nayo imeua ndovu.

"Baba, wako wapi?" mwanangu alikuwa akiuliza tangu Mtito Andei. Hatimaye tuliwaona watatu, wekundu kwa udongo wa Tsavo, wadogo kama mbuzi kwa jinsi tulivyokuwa juu na mbio. Alipiga picha, akarudi kwenye mchezo wake wa simu. Mimi naitamani ile treni ya kale, nakiri. Lakini ndovu, angeulizwa, huenda angechagua tuta.

Sasa ramani ya reli ya kutoka Naivasha hadi Kisumu inapita Narok, Bomet na Nyamira. Nyamira treni haitamkuta ndovu, labda ng'ombe aliyekata kamba. Narok wapo. Ninyi mnaoichora, waachieni wenye njia mapito mapana.