Wa Mwisho Kufika Morningside



Wengi wenu mmetuuliza tunafuata nini mlimani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sisi watu ishirini na kitu tuliovaa raba, ilhali milima ya Uluguru ipo palepale na hakuna anayetukimbiza. Swali ni la haki. Hakuna namba kifuani wala medali, na mshindi hatangazwi. Misa ya alfajiri ikiisha twakusanyika nyuma ya Boma, mahali palipo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kisha twapanda hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani, karibu mita 1,300. Hapo twanywa uji pamoja, twapumzika, twateremka. Awezaye kukimbia hukimbia. Palipo na mwinuko mkali hata vijana hutembea, mikono ikisukuma mapaja, na padre wenu hutembea hata pasipo na mwinuko mkali.

Njia ile, hata hivyo, haikutengenezwa kwa ajili yetu. Saa hiyohiyo akina mama wa Kiluguru wanateremka kwenda sokoni, wametoka kwao giza lingalipo, mikungu ya ndizi na matenga ya mboga yakiwa kichwani juu ya ngata. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni kwamba mwenye mzigo apishwe. Mkimbiaji huacha kijia, husimama majanini, huamkia, hungoja. Siku moja kijana wetu, mwepesi kuliko wote, alinung'unika kwamba saa yake ya mkononi inamhesabia hata dakika za kusimama. Bibi aliyekuwa akipita alimjibu bila kugeuza shingo, maana mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo: "Mjukuu wangu, ukichoka kusimama, njoo unipokee." Tulicheka hadi Morningside.

Lakini leo twataka kusema habari ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyetuanzishia safari hizi. Yeye mwenyewe ameturuhusu kuisimulia, mradi jina lake lisitajwe. Goti lake limechoka. Mara tano mfululizo amefika wa mwisho, na baada ya mara ya tano alitufuata ofisini kutuaga. "Baba, nawachelewesha watoto," alisema. "Uji unapoa wakiningoja. Niacheni nibaki nyumbani." Sasa, twajua nyumba yake. Tangu mama watoto alipozikwa, redio ndiyo inayozungumza humo. Kumwacha abaki nyumbani halikuwa jambo dogo.

Ingekuwa rahisi kumbembeleza kwa maneno matamu na kumwambia kwamba hamchelewishi mtu. Isingekuwa kweli. Kule juu jasho likikauka baridi hupenya mifupani, na ukungu ukishuka, kijia chenye utelezi huwa hatari kwa wote. Miongoni mwetu yumo muuguzi anayetakiwa kuingia zamu, na yumo kijana wa duka ambaye kila saa anayokaa mlimani ni saa ya wateja kwenda kwa jirani. Kungoja kuna gharama, na hulipwa na wanaongoja. Mwalimu alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana alikuja kuaga.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alitumia mfano wa mbio katika sura ya 9 ya waraka wake wa kwanza, nasi mapadre tumeuhubiri mfano huo hadi umechakaa. Wachache hukumbuka kwamba katika sura ya 11 awaagiza watu walewale wangojane wanapokutana kula, kwa sababu mezani kwao mmoja alibaki na njaa na mwingine akalewa. Kisha aongeza jambo ambalo sisi twaliona la busara sana: mwenye njaa na ale kwanza nyumbani kwake. Hakumwambia mwenye njaa kwamba hana njaa. Njaa yake ishughulikiwe mahali pengine, ila meza imngoje mwenzake.

Kaskazini mwa Uingereza, ambako kukimbia milimani ni mchezo wa tangu zamani, mkimbiaji anayejitoa katikati ya mbio haruhusiwi kwenda zake kimya. Sharti afike mwisho wa mbio aripoti, kwani asipohesabiwa watu wataingia ukunguni kumtafuta. Hata Bob Graham wa Keswick, aliyevizunguka vilele 42 mwaka 1932 katika muda usiotimia saa 24, hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake waliomsindikiza. Tulimwambia Mwalimu habari hizo, tukaongeza kwamba akitaka kujitoa ni lazima aje kuripoti Morningside. Alitutazama kama anavyomtazama mwanafunzi mjanja, akachukua kofia yake, akaondoka pasipo kujibu.

Tuliwapelekea wenzetu shauri hilo. Na aliyelitatua ni yuleyule kijana wa saa. Alisema wenye mbio wasikae juu kuganda. Wakifika Morningside wageuke, wateremke hadi wamkute Mwalimu, kisha wapande naye. Wao watapata mlima mara mbili, naye atapata wa kuzungumza nao. Wanaowahi kazini wanywe uji wao, waage, waende bila kuonewa haya.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa nyuma ya Boma kabla yetu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza lolote. Vijana walifika juu saa mbili kasoro, wakageuka. Walimkuta karibu na nusu ya njia, amesimama majanini, anampisha mama mwenye ndizi na kumuuliza bei ya mkungu. Waliwasili wote saa tatu na robo. Uji ulikuwa umepoa kweli, ikabidi upashwe moto. Mwalimu alikunywa vikombe viwili, akalalamika kwamba umetiwa sukari kidogo mno.